Kona ya Zana: Trekta dogo la mtumba, kabla hujatoa pesa

Barua za awamu hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: yale matrekta madogo ya Kijapani yanayopangwa kwenye mayadi kando ya barabara, Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura na wenzao, yanamfaa mtu ambaye hajawahi kumiliki trekta? Tumeanza na barua ambayo ingefaa iwe ya kwanza kwa kila mnunuzi, ingawa wengi huikumbuka wakishalipa.

Farasi 22 watatosha ekari 12?

*Ndugu mafundi, nina ekari 12 za mahindi na alizeti. Yadi moja ya Dar es Salaam imenipa bei ya trekta la nguvu za farasi 22, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Jirani yangu anacheka, anasema hilo ni la kulimia bustani ya maua. Nani mkweli?* (Mkulima, Dumila)

Inategemea unafunga nini nyuma yake. Nguvu za farasi huzungusha, lakini kinachovuta ni uzito. Trekta la farasi 22 huwa na kilo 700 hadi 1,000 hivi. Jembe la sahani tatu unaloliona nyuma ya Massey Ferguson linataka trekta la farasi 50 kwenda juu, lenye uzito wa tani mbili au zaidi. Ukilifunga kwenye trekta lako, matairi yatachimba mashimo palepale yalipo na pua itanyanyuka. Hapo jirani yako ana haki ya kucheka.

Lifungie rotaveta, hadithi inabadilika. Visu vya rotaveta vinavyozunguka huisukuma trekta mbele badala ya kuirudisha nyuma, kwa hiyo wepesi wake haukuumizi. Farasi 20 hadi 25 wanaendesha rotaveta ya upana wa mita 1.2 hadi 1.4. Chukua ya mita 1.3, mwendo wa kilometa 2.5 kwa saa: toa robo ya muda kwa kugeuza na kupishanisha mistari, unabaki na takriban ekari 0.6 kwa saa. Ekari zako 12 ni kama saa 20 za kazi kwa kupita mara moja, yaani siku tatu za dereva asiye mvivu. Kwa mzigo huo injini ya ukubwa huo hunywa lita 3 hadi 4 za dizeli kwa saa, basi andaa lita 60 hadi 80.

Tahadhari ni udongo. Ardhi iliyokauka ikawa tofali, rotaveta hurukaruka juu yake, visu vinaisha na krosi za shafti zinakatika. Subiri mvua ya kwanza ilainishe inchi tatu nne za juu. Nyasi ndefu zifyeke kwanza, la sivyo zitajisokota kwenye mhimili mpaka sili ziungue.

Na kama hesabu yako ya kulipa mkopo inategemea kuwalimia watu ekari mia kila msimu, achana na trekta dogo. Tafuta MF 240 au 265 iliyotunzwa, ambayo spea zake zinauzwa hadi kwenye maduka ya wilayani.

Nikifika yadi, niangalie nini?

*Wakuu, nataka kununua Kubota au Yanmar ya mtumba kwa ajili ya mpunga. Sina fundi wa kwenda naye. Nipeni mpangilio wa kukagua ambao hata mimi naweza kuufuata.* (Msomaji wa gazeti, Mbarali)

Piga simu siku moja kabla, waambie injini isiguswe mpaka ufike. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa na vuguvugu, mtu ameshaiwasha. Dizeli iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapata moto, kwa hiyo subiri ipoe au rudi kesho. Beba tochi, futi ya kupimia, kitambaa cheupe, chupa mbili tupu zilizo safi, spana za 17 na 19, na jeki.

Anza na vimiminika injini ikiwa baridi. Chomoa dipstiki uipanguse kwenye kitambaa. Oili nyeusi si kosa, maana dizeli huichafua ndani ya saa chache. Kosa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kwani hapo maji yameingia. Au oili iliyopanda juu ya alama na kunuka dizeli, maana yake nozeli au pampu inavujisha ndani. Fungua rejeta (ikiwa baridi tu, ya moto itakubabua uso) uangalie kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Maji ya kutu matupu yasiyo na kulanti (dawa ya kupozea injini) yanakuambia trekta lilivyotunzwa, na kwamba njia za maji huenda zimeziba.

Halafu nenda kwenye giaboksi, na hapa usiharakishe. Matrekta mengi ya aina hii yametoka kwenye majaruba ya mpunga Japani. Maji huingia giaboksi kupitia mpira wa mkono wa gia uliopasuka na kupitia sili za ekseli. Katika matrekta haya oili ya giaboksi, difu na haidroliki mara nyingi ni moja, basi maji yakiingia yameharibu vyote vitatu. Dipstiki peke yake hudanganya, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hutulia chini. Trekta likiwa limelala usiku mzima bila kuwashwa, legeza taratibu bolti ya kumwagia oili iliyo chini ya giaboksi, kinga chupa, acha vijiko vichache vitoke, kaza. Yakitangulia maji, ujue yameingia. Chembe zinazometameta kama unga ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole ni meno ya gia.

Fanya vilevile kwenye makasha ya gia ya ekseli ya mbele, kulia na kushoto. Sili za mbele ndizo zinazozama topeni kila siku. Beringi za humo zikikaa na maji hupata kutu, na seti ya spea za upande mmoja si kitu utakachokipata duka la kwanza. Muuzaji akikukatalia kulegeza bolti hizo, hata baada ya kumwambia utalipia oili itakayopungua, mwache na trekta lake.

Sasa washa. Geuza ufunguo hatua ya kwanza: taa ya oili na ya chaji lazima ziwake. Zisipowaka, uliza kwa nini. Kuna watu huchomoa balbu ili taa isikae ikiwaka mbele ya mteja. Pasha plagi za injini sekunde 10 hadi 20, kisha piga stata. Injini nzima huwaka ndani ya sekunde chache, na taa ya oili huzimika mara moja. Usikubali kupuliziwa etha kwenye njia ya hewa. Injini inayohitaji kupuliziwa asubuhi ya Mbarali, ambako hakuna barafu, haina msukumo wa kutosha.

Angalia moshi kwa dakika tano. Mweupe kidogo unaoisha ni baridi tu. Mweupe usioisha ni dizeli isiyoungua kwa sababu ya nozeli mbovu au msukumo mdogo, na ukiwa na harufu tamutamu ni kulanti inayoingia silinda. Wa bluu ni oili inayoungua, ringi au sili za valvu zimekwisha. Mweusi unapoongeza mafuta ghafla ni wa kawaida. Mweusi wa kudumu anza kwa kukagua chujio cha hewa kabla hujalaumu pampu. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini, kiache kimekaa juu ya tundu injini ikinguruma taratibu. Kikitetemeka ni sawa. Kikirushwa na moshi ukafoka kama birika, pistoni zinapitisha, na oveholi iko njiani.

Klachi: hakikisha hakuna mtu mbele, vuta breki ya mkono, ingiza gia ya juu, achia klachi polepole. Injini lazima izime. Ikiendelea kunguruma huku trekta limesimama, sahani imekwisha, na kuibadilisha ni kulitenganisha trekta katikati vipande viwili. Pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla haijaanza kukaza. Breki ziko mbili, kulia na kushoto. Fungua kiungo kinachoziunganisha, tembea polepole, kanyaga moja moja. Kila moja inapaswa kulivutia trekta upande wake.

Magurudumu ya mbele kuvuta: peleka trekta kwenye udongo laini au kifusi, ingiza mkono wa magurudumu manne, mtu asimame mbali kidogo pembeni atazame kama matairi ya mbele yanachimba au yanaburutwa tu. Wengine huuza trekta lenye shafti ya mbele iliyoondolewa kabisa, hivyo inama uone kama ipo. Jina la modeli pia linasema: L2201DT ya Kubota, ile DT ni magurudumu manne; YM1500D ya Yanmar, ile D ni hiyohiyo. Katika modeli za aina hiyo, isiyo na herufi hizo kwa kawaida inavuta nyuma tu, hata muuzaji akiapa.

Linganisha na ukubwa wa matairi. Mbele na nyuma huenda pamoja kwa uwiano uliowekwa kiwandani, mbele yakikimbia kwa asilimia chache zaidi. Mtu akibadilisha matairi ya nyuma kwa saizi yoyote aliyoipata, trekta litapigana na ekseli yake lenyewe mpaka gia za mbele zivunjike. Soma saizi zilizoandikwa ubavuni na uulize bei zake mjini kabla hujakubaliana. Saizi zinazojaa madukani ni za Massey, kama 12.4-28, ya 8.3-22 au 9.5-22 huenda ukaiagiza na kuisubiri. Ukiona yale matairi ya meno marefu ya majaruba, kwako Mbarali ni baraka, lakini usiyapeleke lami kila siku, yatalika kama kifutio.

Mwisho lipe trekta mzigo. Fungeni rotaveta mlime nusu saa, au pandeni kilima na tela. Zima, hesabu dakika tano, washa tena. Injini iliyowaka vizuri baridi ikagoma ikiwa moto, shuku pampu ya dizeli. Hiyo haitengenezwi kwa bisibisi chini ya mwembe. Inahitaji mashine ya kupimia pampu, na bei yake inatosha kuvunja biashara.

Rangi mpya isikupumbaze wala isikutishe. Angalia tu imepakwa juu ya nini. Rangi iliyopita juu ya grisi, juu ya mipira ya mabomba na juu ya kichwa cha bolti iliyoparazwa na spana inafunika kitu.

Mita inasoma saa 640. Niamini?

*Hamjambo. Dalali wa hapa ananiuzia Yanmar, anasema imetoka Japani moja kwa moja na imefanya kazi saa 640 pekee. Makanika wangu haamini. Tena logibuku bado iko kwa jina la mtu mwingine.* (Mkulima wa viazi, Njoro)

Makanika wako yuko sawa kutilia shaka. Mita ya saa hubadilishwa kwa dakika kumi, na katika modeli nyingi za zamani huendeshwa kwa waya unaozungushwa na injini: waya ukikatika, mita inasimama huku trekta likiendelea kulima miaka.

Soma mahali pasipobadilishwa kirahisi. Mpira wa pedali ya klachi, hasa ukingo wa kushoto. Usukani pale mikono inaposhika. Matundu ya mikono ya nyuma ambako zana hufungwa. Tundu la duara lililogeuka umbo la yai halikufanya kazi saa 640. Shika shafti ya PTO (ile ya nyuma inayozungusha zana) uitikise: meno yaliyochongoka ni ya miaka mingi ya rotaveta. Jeki mbele, shika tairi juu na chini, tikisa. Mchezo unaousikia ni beringi au kingpini. Usukani ukizunguka zaidi ya upana wa vidole vitatu kabla matairi hayajaitikia, hesabu boli jointi au boksi la stelingi.

Hata hivyo, saa 2,000 za kweli si nyingi kwa dizeli ya silinda tatu iliyobadilishwa oili kwa wakati. Tungechagua hiyo yenye madaftari ya servisi kuliko 640 isiyo na ushahidi.

Kuhusu karatasi: usilipe kwa mtu ambaye jina lake haliko kwenye logibuku. Uhamisho hufanywa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Mwenye trekta huanzisha, wewe unakubali kwa akaunti yako. Kabla ya hapo linganisha namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye chuma cha ubavu na si kwenye kibati kilichopigiliwa tu, na namba ya injini kwenye bloku. Msomaji wa Tanzania afanye vivyo hivyo na kadi ya usajili ya TRA, na akinunua yadini trekta ambalo halijasajiliwa, adai nyaraka za forodha zenye namba hiyohiyo ya chesisi, si nakala ya trekta jingine la kundi lile.

Maandishi ya Kijapani na PTO ya gia nne

*Trekta nililonunua lina vibandiko vya Kijapani kila mahali. PTO ina namba 1 hadi 4. Nimefunga mashine ya kupukuchulia, ikapiga kelele ya ajabu nikazima. Nimekosea wapi?* (Msomaji, Cheju, Unguja)

Umebahatika kuzima mapema. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu zimetengenezwa kwa PTO ya mizunguko 540 kwa dakika. Trekta lililotengenezwa kwa soko la Japani huwa na mwendo wa PTO zaidi ya mmoja: namba 1 ndiyo hukaribia 540, na ya juu kabisa katika modeli nyingi huvuka 1,000. Kipukuchulio kikizungushwa mara mbili ya mwendo wake, beringi ndizo zinazolia kwanza, halafu ngoma hufunguka. Tumia namba 1, na upandishe mwendo wa injini. 540 hupatikana injini ikikaribia mwendo wake wa kazi, si ikinguruma tu. Takometa ndogo ya kupima kwa mwanga si ghali na itakuondolea ubishi.

Vibandiko si vigumu ukijua herufi chache. 入 ni kuingiza, 切 ni kukata. 高 ni kasi kubwa, 低 ndogo. 上 kupandisha, 下 kushusha. Kwenye ufunguo, 予熱 ni kupasha plagi na 始動 ni kuwasha. 前輪 ni magurudumu ya mbele, kwa hiyo mkono wenye 前輪 na 入 ndio wa magurudumu manne. Sungura na kobe hawahitaji tafsiri. Andika maana kwa rangi pembeni ya kila mkono kabla kijana mwingine hajakalia kiti hicho.

Na kabla ya kupukuchua tena, hakikisha shafti imevaa gamba lake la plastiki. Kwa 540, shafti inazunguka mara 9 kwa sekunde. Ncha ya kanga au kamba ya kofia ikinaswa, hakuna anayewahi kuufikia mkono wa kuzimia.

Mikono ya nyuma inashuka yenyewe

*Nikizima injini, rotaveta iliyonyanyuliwa inashuka polepole mpaka chini. Haidroliki imekufa?* (Msomaji, Babati)

Kushuka kwa robo saa au zaidi kusikutie woga. Mfumo wa umri huo huvuja kidogo ndani kwa ndani. Ikianguka ndani ya dakika moja, au injini ikiwa inafanya kazi mikono inapanda na kushuka kidogokidogo kama inayopumua, sili ya pistoni ya kunyanyulia au valvu imechoka. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, kazi ndiyo kubwa.

Ila kabla ya kufungua chochote, kagua kiwango cha oili na chujio la haidroliki. Kunyanyua kwa kushtukashtuka na sauti ya kulia kwenye pampu mara nyingi ni chujio lililoziba au hewa inayovutwa kwenye bomba lililolegea. Mara nyingine hutokana na mtu kumwaga oili nzito ya difu ya lori, SAE 140, ndani ya giaboksi inayochangia na haidroliki: pampu haiwezi kuivuta asubuhi. Usiingie chini ya zana iliyonyanyuliwa, hata kwa dakika moja, bila gogo la kuishikilia.

Miteremko ya Usambara

*Naitwa mama wa mbogamboga, Lushoto. Nimepewa bei nzuri ya trekta dogo lisilo na lile fremu la chuma nyuma ya kiti. Fundi anasema atanichomelea la bomba. Nichukue?* (Msomaji, Lushoto)

Mama, hapana. Kwa miteremko yako fremu hilo ndilo kitu cha kwanza kununua, na bomba la kuchomelea mtaani hujikunja trekta likiegemea, likakubana badala ya kukulinda. Fremu la kweli limejaribiwa na kufungwa kwa bolti kwenye ekseli ya nyuma, na hufanya kazi likiwa limesimamishwa na mkanda umefungwa. Trekta lisilo na fremu, mkanda usifungwe, kwa sababu utakufunga chini yake.

Tafuta lenye fremu, la magurudumu manne, na matairi ya nyuma yaliyopanuliwa kadiri rimu zinavyoruhusu. Magurudumu manne hukusaidia zaidi ukishuka kuliko ukipanda, kwa sababu injini hushika na matairi ya mbele pia. Shuka kwa gia ya chini, breki mbili zikiwa zimeunganishwa, na usibadilishe gia katikati ya mteremko. Mzigo wa kuburuta ufungwe kwenye ndoano ya chini tu. Ukiufunga kwenye kile kiungo cha juu cha kati, trekta hujipindua kinyumenyume, na tangu pua inyanyuke mpaka kukulalia ni takriban sekunde moja na nusu.

Matuta yako yakiwa membamba kuliko upana huo, pawatila au jembe la mkono litaendelea kuwa zana sahihi, na hakuna aibu.

Nimeshanunua. Nianze na nini?

*Nimeleta trekta nyumbani wiki iliyopita, linawaka vizuri. Niingie shambani?* (Msomaji, Kahama)

Bado. Hujui oili iliyomo ni ya lini wala ya aina gani, hivyo badilisha zote. Injini ya ukubwa huu huchukua lita 3 hadi 5 za 15W-40 ya dizeli, pamoja na chujio lake. Giaboksi na haidroliki huchukua lita 15 hadi 30 kutegemea modeli. Nunua oili ya trekta ya matumizi mengi, inayoandikwa UTTO au STOU kwenye kopo. Ekseli ya mbele ni lita chache. Rejeta isafishwe kwa maji mpaka yatoke meupe, ijazwe kulanti, na mapezi ya nje yapulizwe kutoka ndani kwenda nje ili makapi yasisukumwe kwa kina zaidi.

Badilisha chujio la dizeli, kisha toa hewa. Fungua koki ya tenki, legeza skurubu iliyo juu ya kichujio mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Legeza iliyo kwenye pampu, fanya vivyo hivyo, kaza. Ikigoma kuwaka bado, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga stata mpaka zitoe matone, kaza moja moja. Usiweke kidole wala uso karibu na bomba la nozeli injini ikiwaka, dizeli ya shinikizo lile hupenya ngozi.

Kwenye injini ya Kubota, herufi ya mwanzo ni idadi ya silinda: Z ni mbili, D ni tatu, V ni nne, na namba zinazofuata hukaribia ukubwa wake kwa sentimita za ujazo. Iandike namba hiyo kamili pamoja na ya chesisi kwenye simu yako. Duka la spea halitaki jina la trekta, linataka hizo. Kwa Yanmar soma kibati cha juu ya kifuniko cha valvu.

Kama trekta lilikuja na rotaveta yake ya Kijapani, pima mikono ya nyuma kabla hujanunua zana nyingine. Zana za kawaida za trekta dogo hutumia pini za chini za milimita 22, ya juu milimita 19, na kati ya pini za chini upana wa milimita 683. Baadhi ya matrekta haya yana kiungo cha juu kifupi cha pekee, kilichokusudiwa rotaveta ya kiwandani tu. Jembe la dukani halitakaa hapo mpaka ununue kiungo cha kawaida na mikono inayorekebishika.

Saa 50 za mwanzo lima kwa mzigo wa wastani, kisha mwaga oili ya injini tena na uitazame kwenye beseni jeupe. Baada ya hapo kila saa 100, grisi kila siku ya kazi, na chujio la hewa kila asubuhi wakati wa vumbi. Pesa ya hayo yote, pamoja na betri na fani belti, tunaikadiria kwa tahadhari kuwa sehemu moja ya tano ya bei uliyolipa. Aliyekuja kuuliza akiwa bado hajalipa, aitoe kwenye bajeti kwanza, ndipo aende yadini na kilichobaki.